Vijiti Saba Juu ya Kioo Changu

Siku ya kwanza Papa Luc Harelimana aliponiletea vijiti vyake vya ngoma, nilimufukuza. Nasema ukweli, na yeye mwenyewe akinisikia nikisimulia anacheka mpaka anakohoa. Asubuhi ile nilikuwa nimepangusa kioo cha vitrini yangu kwa maji ya sabuni na gazeti, kinang'aa, na chini yake nimepanga machaja, waya za masikio, na vile vioo vyembamba vya kubandika juu ya simu. Mara muzee mumoja mwenye kofia ya sufu anafika, hata salamu hajaimaliza, anamwaga vijiti saba juu ya kioo changu. Kararara!

"Eh, Papa! Hapa ni duka ao ni kwa seremala?"

"Unisamehe, mama. Nimezunguka Birere muzima. Meza za watu zote ni za mbao, zimepinda. Kioo yako tu njo imenyooka."

"Na ikipasuka?"

"Haitapasuka. Ninataka tu viviringike."

"Vikaviringike kwenu!"

Akaviokota kimoja kimoja, bila kukasirika, akaenda zake. Mwavita, jirani yangu anayeuza viatu, alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka. "Fabiola wee, ule njo muzee anapigaka ngoma ya fanfari, ile bendi ya tarumbeta, kwenye parokia yenu. Umefukuza mutu wa kanisa!"

Nilijisikia vibaya, lakini siyo sana. Mimi siyo mutu wa kuchekacheka. Baba ya mutoto wangu Benny alikwenda Kampala kutafuta maisha, maisha yakamupata huko huko, na mimi nikabaki Goma na mutoto na vitrini. Mwaka volkano ilipotoka tulikimbia mpaka Sake. Niliporudi nilikuta kioo kimevunjwa na ndani hamuna hata waya mumoja. Nilianza upya kwa machaja manne. Tangu siku hiyo hakuna mutu anayepita nyuma ya vitrini yangu. Hata Mwavita. Hata Benny akiniletea chakula, anakipitisha juu.

Papa Luc alirudi Jumamosi iliyofuata. Safari hii alinisalimu vizuri: nimeamkaje, mutoto anaendeleaje, kazi inatembea? Kisha akatoa mufukoni kipande cha kitenge safi, akakitandika pembeni, akaniuliza kama anaweza kutumia kona moja tu ya kioo, dakika tano. Sasa nani atamufukuza mutu wa namna hiyo mara mbili? Nilimuambia afanye haraka, wateja wanakuja. Wateja wenyewe hawakuwa hata mumoja.

Basi nikaona kazi yake. Anaweka kijiti juu ya kioo, anakisukuma kwa kidole. Kile kilichonyooka kinaviringika kimya mpaka ukingoni. Kile kilichopinda kinaruka, tak-tak-tak, na ncha yake inayumba. Vilivyoruka vitatu akaviweka kando. Vinne vilivyobaki akavigonga kimoja kimoja kwenye jiwe la volkano ninalokandamizia guu la mwavuli wangu, huku ameinamisha sikio. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Yeye alirudia, akatikisa kichwa, akarudia tena, mwishowe akatoa viwili. "Hivi ni ndugu," akasema. "Sauti yao ni moja. Ukipiga na vijiti vyenye sauti mbili, ngoma inachechemea kama mutu wa kiatu kimoja."

Nilimuuliza ni muti gani. Akasema mukahawa, wa shamba lililong'olewa upande wa Beni, na seremala wa Munigi, jirani yake, ndiye anayemuchongea. Nilicheka kwa mara ya kwanza. Kwetu Butembo mukahawa uliokufa tunapikia maharagwe!

"Munapikia ngoma yangu," akasema.

Hivyo tukazoeana. Kila alipopata vijiti vipya alikuja na kitenge chake, na kidogo kidogo akanisimulia maisha yake, bila kujisifu. Alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, baba yake mufugaji wa ng'ombe. Padri mumoja wa zamani alimufundisha ngoma ya fanfari, ile ndogo inayoning'inia kwa mukanda ubavuni, yenye nyuzi chini zinazolia krrr. Vita ikawatoa Masisi. Walifika Mugunga kwenye kambi, yeye na muke wake Henriette na masufuria mawili, na kule, kwa sababu vijiti vyake vilipotea njiani, aling'oa fito mbili za hema yao wenyewe akazichonga. Mama Henriette aligombana naye wiki nzima, maana mvua iliingia upande ule. Lakini Jumapili watu wa kambi waliimba misa na ngoma, hata kama ngoma yenyewe ilikuwa bidoni tupu ya maji. Baadaye wakahamia Munigi, akafanya kazi ya kujenga kuta za mawe, na parokia yetu ilipopata fanfari, yeye ndiye aliyeshika ngoma. Kila sikukuu ya Ekaristi, wakati Sakramenti inapotembezwa barabarani, ngoma ya Papa Luc ndiyo iliyotangulia na kupima hatua za watu wote. Mimi pia nilikuwa nimetembea nyuma ya ngoma ile miaka na miaka, na sikuwahi kujiuliza nani anaipiga.

Mwezi wa pili mwaka huu, akiviringisha vijiti, niliona kijiti kinatoka mukononi mwake kikienda mushazari. Akarudia. Tena mushazari. Mukono wa kuume ulikuwa unatetemeka, kama simu iliyofungwa sauti.

"Hebu niachie," nikasema, nikavisukuma mimi mwenyewe.

Alisimama akiniangalia. Akafika kijana na simu yake kutaka abandikiwe kioo, nikaacha vijiti, nikaifanya kazi: unapangusa, unakishika kile kioo chembamba kwa vidole viwili, unakiacha kishuke chenyewe, hakuna hewa inabaki chini. Kijana alipoondoka, Papa Luc alikuwa bado anatazama vidole vyangu.

"Mama Benny," akasema, "ujifunze kupiga ngoma."

"Mimi?"

"Wewe. Mukono yangu imekwisha. Wale niliofundisha wote wamekwenda, wengine Kampala, wengine Mungu tu njo anajua. Vijana waliobaki wanataka batri, zile ngoma za umeme. Na Jean-de-Dieu ameniambia wazi: kama kufika sikukuu ya Ekaristi hakuna mutu wa kupiga, watapandisha bafle, ile spika kubwa, juu ya pikapu na kutia muziki wa fleshi. Mwaka moja watu wakizoea ile bafle, nani tena atakumbuka ngoma?"

Jean-de-Dieu ndiye prezidenti wa fanfari, mutu wa saa na kalamu, siyo mubaya. Nilimuambia Papa Luc kwamba mimi niko na miaka makumi ine na moja, niko na vitrini, na sijawahi kupiga hata mbuzi. Yeye akasema tu: "Una vidole ambavyo havikandamizi kitu." Hakuna mutu aliyewahi kunisifu kitu cha namna ile. Watu wananisifu kwamba sitapeliwi. Usiku sikulala vizuri, asubuhi nikamukubalia.

Kwanza akaniambia nichague vijiti vyangu mwenyewe, na yeye akafunga mudomo. Nilikwenda kwenye duka moja nikanunua jozi inayong'aa, nyekundu, rangi imepakwa vizuri. Nilipovileta aliviviringisha: tak-tak-tak, vyote viwili. Nilipopiga kidogo vidole vikatoka jasho, kijiti kimoja kikaruka mpaka kwenye viatu vya Mwavita. "Rangi ni ya kuangalia," Papa Luc akasema, akanisukumia vijiti saba vya mukahawa. Safari hii niliviringisha, nikagonga kwenye jiwe, nikafumba macho, nikasikiliza. Mama wee! Kumbe tofauti ipo. Kimoja kinasema ti, kingine to. Nilipovipata viwili vinavyosema ti, nilifurahi mpaka nikapiga kelele.

Kushika ndiko kulikoniua. Nilivikamata vile mwanamuke wa kwetu anavyokamata mutwangio wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, ngumi nzima. "Acha kutwanga!" akanikemea. Mukono mumoja unalala kifudifudi: kidole gumba na cha shahada vinabana kijiti, vingine vinakifuata tu. Mukono wa pili unalala chali, kiganja juu; kijiti kinalala kwenye bonde la kidole gumba, kinapumzika juu ya kidole cha pete. Huo wa pili niliuchukia kwa roho yangu yote. Ilikuwa kama kula ugali kwa kiwiko. Yeye alisimama mbele ya vitrini, barabarani, mimi nimekaa nyuma yake, kati yetu bakuli la plastiki lililofunikwa mpira wa tairi. Anafanya, ninafuata. "Mukono huu. Sasa huu." Ninafuata. "Sawasawa," anasema, "sawasawa kabisa." Miezi mitatu hivyo, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Mwavita aliwaambia watu kwamba nimepatwa na wazimu wa bakuli. Lakini siku moja, katikati ya mwezi wa tano, mikono yangu ilianza kwenda yenyewe, krrr, krrr, na nilisikia ndani yangu kitu ambacho kilikuwa kimekazwa tangu mwaka wa volkano kinalegea. Nilishukuru Mungu pale pale, kwa sauti, mbele ya muteja aliyekuwa anauliza bei ya chaja.

Zilipobaki wiki mbili, Jean-de-Dieu aliniita kwenye mazoezi, uwanjani kwa parokia. Tarumbeta sita, ngoma kubwa moja, wanaume wote wananitazama. Papa Luc mwenyewe akanivisha mukanda. Ngoma ikaning'inia kwenye ubavu wa kushoto, imeinama upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Tarumbeta zikaanza, nikainua vijiti.

Aibu! Kila nilipopiga, kiwiko cha kushoto kiligonga ukingo wa ngoma. Mukono wangu wa chali ulikuwa upande ambao ngoma imeshuka, haufiki. Mukono wa kifudifudi upande ambao ngoma imepanda, unapanda juu kama mutu anayeruka ukuta. Ka! Ka! Ka! Nilipiga ubao kuliko ngozi. Mupiga tarumbeta mumoja akatoa mudomo kwenye chombo ili acheke vizuri. Jean-de-Dieu alinyanyua mukono, wote wakanyamaza.

"Mama," akasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma, "aksanti kwa kujaribu. Nitamuita mutu wa pikapu."

Nilivua mukanda. Na hapo hasira yangu, ile munayoijua sasa, ikanitoka. Nilimugeukia Papa Luc mbele ya wote nikamuambia amenifundisha vibaya, amenileta kuchekwa, na vijiti vyake avipeleke Munigi akapikie maharagwe. Alipokea yote, kofia mukononi. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia, sikuchukua hata pikipiki.

Jumatatu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya vitrini yangu kabla sijafungua. Sikumusalimu. Aliweka vijiti vyangu juu ya kioo.

"Sikulala," akasema. "Shika kidogo. Mara moja tu, kisha niende."

Nikashika, kwa kununa. Naye akashika vyake. Tukabaki tukitazama mikono yetu minne juu ya kioo. Mukono wake wa chali ulikuwa mbele ya mukono wangu wa chali. Wa kwake ulikuwa wa kushoto. Wangu ulikuwa wa kuume.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Miezi mitatu nilikuona ni kama ninajiangalia kwenye kioo. Njo maana nilisema sawasawa. Mama Benny, kosa ni yangu."

Kosa lilikuwa letu wote wawili, lakini nilimuachia. Maana nilielewa kitu kingine, na kilinichoma: katika nchi hii nzima, nani angejifunza ngoma akiwa upande wa pili wa vitrini, isipokuwa mimi?

"Ninapashwa kusimama pembeni yako," akasema. "Tuangalie upande moja." Akatazama huku na huku. Mbele kulikuwa barabara, pikipiki zinapita hapo hapo kwenye visigino vyake. Hakuniomba chochote. Alijua, Birere muzima wanajua.

Nilisogeza kiti. Nikatoa maboksi mawili ya machaja, nikayaweka chini. Nikafungua kale kamulango ka mbao ambako mimi tu ninakapita. "Ingia, Papa," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri. Mwavita, mwenye kiatu mukononi, aliacha kupanga viatu vyake.

Akaingia. Akasimama pembeni yangu, bega kwa bega, nikasikia ule mukono wake unavyotetemeka. Aliushika mukono wangu wa kushoto, akaulaza chali, akaweka kijiti kwenye bonde la kidole gumba. "Huu," akasema. "Huu njo mukono."

Kujifunza upya ni kazi kuliko kujifunza. Kila kidole kilikuwa na kichwa chake, na kila kimoja kilitaka kurudi kwao. Tuliinamisha bakuli kwa kuweka jiwe chini, kama ngoma inavyoinama. Alikuja asubuhi, akarudi jioni. Nilimutukana mara mbili, nikaomba musamaha mara mbili. Siku ya kumi Mwavita alisema, bila kucheka, "Sasa inatembea." Papa Luc akaenda kumuomba Jean-de-Dieu anisikilize tena. Jean-de-Dieu alinisikiliza dakika mbili, akaangalia saa yake, akasema: "Pikapu itakuja nyuma. Mama akishindwa katikati ya njia, nitainua kitambaa, bafle itaanza." Sikuudhika. Hata mimi ningefanya vile.

"Utatembea pembeni yangu?" nilimuuliza Papa Luc.

"Nitakuwa karibu," akasema.

Jumapili ilifika. Watoto wenye maua mbele, mapadri chini ya mwamvuli mweupe, umati umejaa mpaka barabara haionekani. Nikavaa mukanda. Nikamutafuta Papa Luc kushoto, hayupo. Kuume, hayupo. Jean-de-Dieu alikuwa ameshika kitambaa chake. Nilikasirika, nakiri, hata siku ya Bwana nilikasirika: ameniacha peke yangu! Kisha tarumbeta zikavuta pumzi na hakukuwa na nafasi ya kukasirika tena.

Krrr, krrr, krrr-tak.

Nilikosea kwenye kona ya kwanza, pigo moja, hakuna aliyejua isipokuwa mimi na ngoma. Tulipofika kwenye mawe ya volkano, ambapo njia ni mbaya, nilipunguza mwendo, na nikasikia nyuma yangu visigino vya watu wote vinapunguza. Maelfu ya watu! Nilipoharakisha kidogo, wakaharakisha. Machozi yalinitoka nikayaacha yatoke, mikono ilikuwa na kazi. Mimi Fabiola, ambaye niliishi nyuma ya kioo nikichunga mikono ya watu, watu wote hawa walikuwa wamenikabidhi hatua zao. Tulizunguka mpaka tukarudi kanisani, na kitambaa cha Jean-de-Dieu hakikuinuka. Ile pikapu ilifuata kimya mpaka mwisho, dereva wake akiimba na sisi.

Misa ilipokwisha nilipenya kwenye watu na ngoma yangu ubavuni, nimutafute Papa Luc nimuonyeshe hasira yangu kwanza, kisha nimushukuru. Nilimukuta chini ya ukuta, mbali kabisa, karibu na mulango wa nje, amekaa na Mama Henriette. Amevaa koti, kofia amevua. Viatu vyake vimejaa vumbi.

"Papa Luc! Ulisema utakuwa karibu!"

Alikuwa anatabasamu chini, kama mutoto. Ni Mama Henriette aliyesimama. Mwanamuke mufupi, mukimya. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake. Alishika mikono yangu yote miwili pamoja na vijiti.

"Usimugombeze," akasema. "Tumeoana miaka makumi tatu na mbili. Kila mwaka kwenye sikukuu hii yeye iko mbele na ngoma, mimi niko nyuma na wamama, ninamusikiaka tu. Leo njo mara ya kwanza tumetembea pamoja." Alizidi kukaza mikono yangu. "Alinishika mukono njia yote, mama. Njia yote. Mbele ya watu!"

Nilikuwa na maneno yangu tayari ya kumushukuru muzee, niliyapanga tangu barabarani. Badala yake nilibaki nimesimama pale kwenye jua, na ngoma kwenye ubavu wa kushoto, nikilia mbele ya parokia nzima, mpaka Mama Henriette akanifutia uso kwa kitenge chake.